Deni la Hakimu wa Salem

Tarehe 1 Machi 1692, wakazi wa Salem Village katika koloni la Massachusetts walijazana ndani ya nyumba yao ya ibada kushuhudia wanawake watatu wakihojiwa kwa tuhuma za uchawi. Wa kwanza kuitwa alikuwa Sarah Good, fukara aliyezoea kupita mlango kwa mlango akiomba chakula. Mbele yake walikaa mahakimu wawili, Jonathan Corwin na John Hathorne. Hathorne ndiye aliyeongoza maswali, na maswali yake yalikuwa yameshabeba hukumu. Alimtaka Good ataje pepo anayeshirikiana naye, kisha aeleze kwa nini anawatesa watoto. Wasichana waliodai kurogwa walipiga mayowe na kujinyonganyonga. Good alikana. Sarah Osborne, wa pili, naye alikana. Wa tatu, Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris, alikiri.

Mwaka ulipokwisha, watu 19 walikuwa wamenyongwa. Mzee Giles Corey alikuwa amekufa chini ya mawe aliyorundikiwa kifuani ili akubali kujibu mashtaka, na wengine wasiopungua watano walikuwa wamefia gerezani. Waliokiri waliachwa hai. Waliong'ang'ania ukweli wao walipelekwa kunyongwa. Ushahidi uliotegemewa sana ulikuwa wa mizuka: msichana alisema ameiona sura ya fulani ikimjia na kumkaba koo, na mahakama ikachukulia kwamba mwenye sura hiyo amefunga mkataba na Shetani. Mshtakiwa angejiteteaje? Hata akileta mashahidi kumi kwamba usiku ule alikuwa amelala kwake, mzuka wake ungeweza kuwa kwingine.

Gavana William Phips aliivunja mahakama hiyo maalumu Oktoba 1692, na mahakama iliyofuata haikukubali tena ushahidi wa aina hiyo. Januari 1697, Jaji Samuel Sewall alisimama kanisani mjini Boston huku toba yake ikisomwa mbele ya waumini. Mwaka 1706, Ann Putnam, mmoja wa wasichana wale, aliomba msamaha. John Hathorne, ambaye naye aliketi kwenye mahakama ile, hakuna kumbukumbu kwamba aliwahi kujuta. Alifariki mwaka 1717, akazikwa katika makaburi ya Charter Street mjini Salem.

Mnamo 4 Julai 1804 alizaliwa mjini humo mtoto aliyepewa jina la Nathaniel Hathorne. Hakimu yule alikuwa babu wa babu yake. Alipokuwa kijana, Nathaniel aliongeza herufi moja katika jina la ukoo, likawa Hawthorne, na wengi wamekiona kitendo hicho kama njia ya kujitenga na hakimu. Lakini dawa ya deni ni kulipa, na kubadili jina la mdaiwa hakupunguzi hesabu. Kwa miaka mingi mwandishi huyu alizirudia kesi zilezile za babu yake, akazisikiliza upya moja baada ya nyingine, na kila mara akakataa kuhukumu kwa namna ambayo babu alihukumu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya maandishi yake.

Mji wa agano

Ili kuelewa deni lenyewe, turudi mwaka 1630, pale msafara wa merikebu 11 chini ya John Winthrop ulipovuka Atlantiki kwenda Massachusetts. Abiria wake wengi walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza walioona kwamba kanisa la taifa lao halijajisafisha vya kutosha kutokana na desturi za Roma. Waliamini kwamba Mungu ameamua tangu mwanzo nani ataokolewa, na kwamba hakuna tendo jema linaloweza kuununua wokovu huo. Hata hivyo, makanisa yao yalitaka mtu anayeomba uanachama kamili asimame na kueleza jinsi neema ilivyomgusa moyoni. Basi watu wakazoea kujichungulia ndani kila siku, wakitafuta dalili za kuteuliwa. Wakazoea pia kuchunguliana.

Walijiona taifa lililofunga agano na Mungu. Kwa imani hiyo dhambi ya mmoja iliweza kuwaletea wote ukame, maradhi au vita, na kilichotendeka chumbani kikawa shauri la serikali. Uzinzi uliadhibiwa kwa kifo, na mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa kwa kosa hilo. Baadaye adhabu ilihamia kwenye nguo. Sheria ya koloni jirani la Plymouth ya mwaka 1658 iliwataka wazinzi washonewe herufi mbili kwenye vazi lao, na sheria ya Massachusetts ya mwaka 1694 iliagiza herufi A yenye urefu wa inchi mbili, iliyokatwa kwenye kitambaa cha rangi isiyofanana na vazi ili ionekane kwa mbali.

Katika jamii hiyo, baba yake John, William Hathorne, alipanda haraka. Alihamia Salem mwaka 1636, akawa askari, hakimu na spika wa baraza la koloni. Ukali wake uliwaangukia hasa Wakweka, yaani Jumuiya ya Marafiki, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya. Wakweka walifundisha kwamba nuru ya Mungu imo ndani ya kila mtu, fundisho lililowafanya wachungaji na mahakimu waonekane hawana kazi. Kati ya 1659 na 1661 Wakweka wanne walinyongwa Boston, mmoja wao Mary Dyer. William Hathorne mwenyewe aliamuru mwanamke wa dhehebu hilo, Anne Coleman, acharazwe viboko mji baada ya mji.

Kwa hiyo Nathaniel alirithi mahakimu wawili: aliyewapiga Wakweka na aliyewahoji waliodaiwa kuwa wachawi. Mali hakurithi. Ukoo ulikuwa umeporomoka ukaingia ubaharia, na katika familia palisimuliwa kwamba mmoja wa wahanga wa 1692 aliwalaani.

Chumba cha juu

Baba yake, nahodha wa merikebu, alifariki Surinam mwaka 1808, mtoto akiwa hajatimiza miaka minne. Mama akarudi kwa ndugu zake, ukoo wa Manning, akiwa na watoto watatu. Wajomba ndio waliomsomesha Nathaniel katika Chuo cha Bowdoin, jimboni Maine, ambako alisoma na mshairi Henry Longfellow na kufanya urafiki wa maisha na Franklin Pierce, rais wa baadaye wa Marekani. Alihitimu mwaka 1825, akarudi Salem, na kwa takriban miaka 12 akajifungia katika chumba cha juu cha nyumba ya wajomba, akisoma na kuandika.

Dada yake mkubwa, Elizabeth, ndiye aliyemletea vitabu kutoka maktaba ya Salem Athenaeum, na humo ndimo alimokutana na wazee wake katika maandishi. Alisoma shajara ya Winthrop, historia ya kanisa ya Cotton Mather, na kumbukumbu za mji wa Salem zilizokusanywa na Joseph Felt. Marekani ilikuwa taifa changa lililotamani kujisifu, na waandishi wengi wa zama zake waliwapamba Wapuritani kuwa mababa wa uhuru. Yeye alisoma kumbukumbu hizo akitafuta walioumizwa. Mwaka 1830 alichapisha makala kuhusu Anne Hutchinson, mwanamke aliyefukuzwa Massachusetts kwa kufundisha dini kinyume na wachungaji. Mwaka 1832 ikafuata hadithi ya The Gentle Boy, juu ya mtoto wa Mkweka aliyenyongwa, anayepokewa na mume na mke wa Kipuritani na kupigwa na watoto wenzake. Katika Endicott and the Red Cross ya mwaka 1838, kwenye umati wa watu waliotiwa adabu hadharani, anapita mwanamke mrembo mwenye herufi A kifuani. Alipita kwa mistari michache tu, lakini mwandishi hakumsahau.

Hadithi iliyokwenda mbali zaidi ni Young Goodman Brown ya mwaka 1835. Kijana wa Salem anaagana na mkewe, anaingia msituni usiku, na huko anawaona katika mkusanyiko wa Shetani watu wote aliowaheshimu: mchungaji, shemasi, bibi aliyemfundisha katekisimu, hatimaye mkewe mwenyewe. Baadhi ya majina aliyowapa wahusika hawa, kama Cloyse, Cory na Carrier, ni ya wanawake halisi walioshtakiwa mwaka 1692. Asubuhi Brown anarudi kijijini, na mwandishi anaacha wazi iwapo yale yalitokea au ilikuwa ndoto. Brown haulizi. Anayaamini macho yake, anawakimbia majirani, anaishi kwa huzuni hadi kaburini.

Brown ni mahakama ya 1692 iliyowekwa ndani ya mtu mmoja. Ameona sura za watu usiku, akazichukua kuwa watu wenyewe. Hawthorne hakuhitaji kumtaja babu yake. Alitwaa kanuni yake ya ushahidi na kuonyesha inamfanya nini yule anayeiamini. Katika vitabu vya historia, walioumizwa na mizuka ni washtakiwa. Hapa aliyeharibika ni hakimu.

Mwaka uliofuata ilitoka The Minister's Black Veil, kuhusu mchungaji anayejifunika uso kwa kitambaa cheusi na kukataa kukivua hata mautini. Waumini wanataka kujua ameficha dhambi gani. Mwandishi hawaambii, na wala hatuambii sisi. Katika jamii iliyotaka kila moyo ufunguliwe mbele ya kusanyiko, yeye aliunda mtu aliyefunga wake, kisha akatufanya tuone jinsi hamu yetu ya kumfungua inavyofanana na ya majirani zake.

Forodhani

Hadithi hizi zilimpa heshima bila kumpa chakula. Mwaka 1842 alimwoa Sophia Peabody, ambaye enzi za uchumba familia yake iliishi Charter Street, nyumba ikipakana na makaburi alimozikwa hakimu Hathorne. Watoto walipozaliwa ilibidi atafute ajira, na mwaka 1846 marafiki zake wa chama cha Democrat walimpatia wadhifa wa msimamizi katika forodha ya Salem.

Bandari hiyo ilikuwa imeshapita enzi yake, ila njia moja ya biashara bado iliiunganisha na pwani yetu. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani aliyetawala Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja kama konseli wa kwanza wa nchi hiyo. Merikebu za Salem zilileta vitambaa vya merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Bidhaa za Unguja zilikuwa bado zinaingia Salem katika miaka ambayo jina la Hawthorne lilipigwa chapa kwenye mizigo iliyolipiwa ushuru.

Uchaguzi wa 1848 uliwaweka madarakani Wawhig, wapinzani wa Democrat, na Juni 1849 akafukuzwa kazi. Mmoja wa viongozi wa mji waliosukuma afukuzwe alikuwa Charles Upham, mchungaji wa zamani aliyekuwa amechapisha mihadhara juu ya kesi za uchawi za 1692. Mwisho wa Julai mama yake Hawthorne akafariki. Katika miezi ya msiba na ukata aliketi kuandika, na yule mwanamke wa mistari michache akarudi. Februari 1850 alimsomea Sophia sehemu ya mwisho, naye akaenda kulala kichwa kikimuuma kwa uchungu wa alichosikia. Tarehe 16 Machi 1850 The Scarlet Letter ikatoka Boston, na nakala 2,500 zikauzwa ndani ya siku kumi.

Riwaya inaanzia Boston mwaka 1642. Hester Prynne anatolewa gerezani na mtoto mchanga mikononi na herufi A nyekundu, aliyoitarizi mwenyewe kwa nyuzi za dhahabu, kifuani. Anasimamishwa juu ya jukwaa la aibu mbele ya mji mzima, na wakubwa wanamtaka amtaje baba wa mtoto. Miongoni mwa wanaomsihi ni mchungaji kijana Arthur Dimmesdale, naye ndiye baba mwenyewe. Hester anakataa. Kwa tendo hilo Hawthorne aliigeuza kesi ya babu yake juu chini: mahakama inadai ungamo, mwanamke ananyamaza, na msomaji anajikuta yuko upande wa ukimya.

Watu wa historia wamepenyezwa humo kwa uangalifu. Gavana Richard Bellingham anaketi roshani akitazama. Mistress Hibbins, anayemchokoza Hester kuhusu mikutano ya msituni, anabeba jina la Ann Hibbins aliyenyongwa kwa uchawi mwaka 1656. Kifo cha Winthrop cha mwaka 1649 kinaangukia usiku ambao Dimmesdale anapanda jukwaani kwa siri, gizani, akijaribu kutubu bila kuonekana. Na kichaka cha waridi kando ya mlango wa gereza kinahusishwa na Anne Hutchinson.

Hata hivyo, kisa kizito zaidi kimo kati ya wanaume wawili. Mume wa Hester, mzee msomi, anafika mjini siku ileile ya aibu, anajiita Roger Chillingworth, na akiwa tabibu anahamia nyumba moja na Dimmesdale. Kazi yake ni kuchimba siri. Anauliza kwa upole, anasikiliza pumzi za mgonjwa, anarudi tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Dimmesdale analiwa mara mbili: na dhambi aliyoificha chini ya joho, na tabibu aliyemruhusu karibu. Anapomfahamu mzee huyo hatimaye, anatamka kwamba kosa la kuvamia moyo wa mwenzako kwa makusudi ni baya kuliko kosa lake na la Hester. Hapo ndipo nadhani hakimu wa 1692 alipojibiwa. Chillingworth hana kitanzi wala cheo, ila ana kile kilichomfanya Hathorne awe wa kuogofya: uhakika kwamba moyo wa mtu ni mali ya anayeuhoji.

Mwisho wa riwaya, Dimmesdale anapanda jukwaa mchana, anafunua kifua mbele ya umati na kufa. Umati umeona nini? Wengine wanasema waliona herufi imechorwa kwenye nyama yake. Wengine wanasema hapakuwa na alama yoyote. Hawthorne anatoa maelezo yote, anatuachia uamuzi. Mashahidi ni wengi, mchana kweupe, na bado hawakubaliani. Baada ya hapo, nani atathubutu kumnyonga mtu kwa sura iliyoonwa usiku?

Deni lililobaki

Mbele ya riwaya hiyo aliweka utangulizi kuhusu maisha ya forodhani. Humo anawataja mahakimu wake wawili, anachukua aibu yao juu yake kama mwakilishi wao, na kuomba laana yoyote waliyoiletea jamaa iondolewe. Toba ambayo John Hathorne hakuisema ilitamkwa na kitukuu wa mwanawe, miaka 158 baada ya kesi. Watu wa Salem waliokasirishwa na utangulizi huo walichukia zaidi kejeli zake kwa wafanyakazi wa forodha.

Mwaka 1851 akairudia laana katika The House of the Seven Gables. Kanali Pyncheon anakitamani kiwanja cha Matthew Maule, Maule ananyongwa kwa uchawi, na akiwa kitanzini anamtabiria kanali kwamba atanyweshwa damu. Maneno ya namna hiyo husemwa kuwa Sarah Good, yule ombaomba wa siku ya kwanza, aliyatupa kwa mchungaji Nicholas Noyes kabla ya kunyongwa Julai 1692. Katika riwaya, vizazi vya Pyncheon vinarithi nyumba pamoja na kosa, hadi Jaji Pyncheon, mwanasiasa mwenye tabasamu la hadharani, ambaye wasomaji wengi wamemwona Upham ndani yake. Mwandishi mwenzake Herman Melville, aliyekutana na Hawthorne mwaka 1850, alilitambua giza hili na kulihusisha na fundisho la Kikalvini juu ya uovu wa asili. Mwaka uliofuata alimtabarukia riwaya yake Moby-Dick.

Lakini mtu aliyejifunza kuwaogopa wenye uhakika anaweza kuogopa hata uhakika ulio wa haki. Shemeji zake walikuwa wapinzani wa utumwa. Yeye aliwaona wanaharakati wa namna hiyo kama Wapuritani wapya, na mwaka 1852 akamwandikia Pierce kitabu cha kampeni ya urais kilichodai kwamba utumwa hauwezi kuondolewa kwa juhudi za wanadamu, utatoweka Mungu akipenda. Pierce alishinda, akamteua kuwa konseli Liverpool. Hawthorne alifariki 19 Mei 1864 akiwa safarini na Pierce, vita vya kuumaliza utumwa huo vikiendelea.

Kumbukumbu alizozisoma chumbani zilikuwa na habari za utumwa pia. Shajara ya Winthrop inaitaja merikebu Desire iliyoleta Waafrika Massachusetts mwaka 1638, na sheria za koloni za mwaka 1641 ziliruhusu utumwa. Katika chumba kilekile alimohoji Hathorne alisimama Tituba, mtumwa, aliyetamka kile mahakimu walichotaka kusikia, akanusurika kitanzi. Hawthorne aliyeunda Hester hakuwahi kuunda riwaya kwa ajili ya huyo.

Kazi hiyo ilifanywa na mwandishi wa Guadeloupe, Maryse Condé, mwaka 1986, katika riwaya yake juu ya Tituba. Kwa ujasiri aliwafungia gerezani pamoja Tituba wa historia na Hester wa kubuni, wakazungumza. Condé alitumia mbinu ya Hawthorne mwenyewe, kufungua upya kesi iliyofungwa na wenye mamlaka, akaielekeza mahali ambapo Hawthorne hakutaka kutazama. Mzao wa hakimu alilipa sehemu ya deni aliyoiona kuwa ya ukoo wake. Iliyozidi ukoo aliiacha, na waliokuja kuilipa ni kizazi cha waliodhulumiwa.